Kuamsha seli T za gamma-delta maabarani, siku 14 kutoka damu mbichi

Seli T nyingi (chembe nyeupe za kinga) husubiri zioneshwe kipande cha protini juu ya HLA, protini za utambulisho zilizo juu ya seli. Zile za gamma-delta aina ya Vγ9Vδ2 hazina subira hiyo. Zinaitambua HMBPP, molekuli ndogo ya fosfeti inayotengenezwa na vimelea vya malaria na bakteria wa kifua kikuu, wala si na mwili wetu. HMBPP hushika sehemu ya ndani ya protini BTN3A1. BTN3A1 pamoja na protini mwenzake BTN2A1 hupeleka ishara upande wa nje, na seli T inaamka.

Maabarani tunatumia asidi ya zoledroni, dawa ile ile ya mifupa. Huziba kimeng'enya FPPS ndani ya monositi (aina ya chembe nyeupe), kisha IPP, molekuli ya mwili wetu inayofanana na HMBPP, inarundikana, nayo hushika BTN3A1 kama HMBPP. Kwa hiyo usitenge seli T kwanza! Bila monositi, zoledroni haina pa kufanyia kazi.

Hatua ya 1: damu. Chukua ml 20 kwenye mirija ya heparini, kwa ridhaa ya mchangiaji, na uishike kama damu yenye maambukizi. Isiingie friji. Ianze siku hiyo hiyo, maana damu iliyolala huacha granulositi (chembe nyeupe nyingine) zikichanganyika na seli unazozitaka.

Hatua ya 2: kutenganisha. Changanya na PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) kiasi sawa. Kwenye kila mmoja wa mirija miwili ya ml 50 weka Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli, msongamano 1.077) ml 15, kisha mwagia juu yake ml 20 za damu iliyochanganywa, polepole, mrija ukiwa umeinama. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g (g ni nguvu ya mzunguko, si gramu), dakika 30, nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Breki ikibaki, utando mweupe wa katikati, wenye seli T na monositi, unavurugika na kazi imeisha hapo. Fyonza utando, osha kwa 300 g dakika 10, halafu 200 g dakika 10 ili chembe sahani zibaki juu.

Hatua ya 3: kuhesabu. Tumia tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu. Tarajia seli milioni 20 hadi 40. Ziweke milioni 1 kwa ml katika RPMI (maji ya kulea seli) yenye seramu 10%.

Hatua ya 4: kuamsha. Chupa ya hospitali ya mg 4 katika ml 5 ni takriban milimola 2.9 kwa lita. Tunataka mikromola 5, yaani mikrolita 1.7 kwa kila ml. Kipimo hicho ni kidogo mno kwa pipeti, basi punguza dawa mara 10 kwa maji ya chumvi 0.9% (zoledroni na kalsiamu hazipatani), kisha weka mikrolita 17. Ongeza IL-2 (protini ya kukuza seli T) vizio 100 kwa ml. Visima vichache vya sahani ya kulea vipewe IL-2 peke yake. Bila hivyo huna cha kulinganisha. Nyuzi 37, CO2 5%. Zoledroni ni mara moja tu, ukirudia unaua seli.

Hatua ya 5: kulea. CD69, alama ya kuamka iliyo juu ya seli, hupanda kwanza, na alama nyingine, CD25, hufuata. Kufikia siku ya 4 hadubini ionyeshe vishada vya seli. Badilisha nusu ya maji ya kulea kila siku 2 au 3 na IL-2 mpya. Yakigeuka njano, gawa. Vishada visipotokea, mara nyingi seli zililazwa usiku kwenye chupa ya plastiki, monositi zikaganda chini, ukabeba zinazoelea tu. Au IL-2 imegandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. Pia wapo wachangiaji wenye seli hizi chache tangu mwanzo.

Hatua ya 6: kupima. Siku ya 14 monositi zimekwisha, zoledroni haifai tena. Tumia HMBPP nanomola 10 kwa saa 5, kwani seli T zenyewe zina BTN3A1. Brefeldini, dawa inayozuia seli kutoa protini nje, iingie baada ya saa 1, kisha pima interferoni gamma, protini ambayo seli zilizoamka huitengeneza. Usishtuke Vδ2 (sehemu ya kipokezi cha seli hizi) ikionekana kushuka: kipokezi kilichochokozwa huzama ndani ya seli. Paka kingamwili ya Vδ2 tena baada ya kutoboa utando wa seli, na utaziona zipo.