Somo: Kukagua hisa ulizokwisha kuuza kwa kutumia chati

Swali la "nimeuza kwa hasara, nilikosea wapi?" linarudi kila wiki, na aliyeuliza huwa hana chati, hana tarehe, ana kumbukumbu tu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwa hisa za soko la Kampala (USE) tumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali, ni ya bure. Kwa hisa za Marekani tumia TradingView, tovuti ya chati, ambayo ina kitufe cha Replay cha kurudisha chati nyuma na kuifungua siku moja moja.

1. Mwombe broka hati za mauziano zote, za kununua na za kuuza.

2. Ingiza bei za kila siku kutoka ripoti za soko, kuanzia miezi mitatu kabla ya kununua. Wakati wa kufungua faili, iambie Calc kwamba tarehe inaanza na siku, kisha mwezi. Usipofanya hivyo, 03/04 inaweza kusomwa kama tarehe 4 Machi na chati yote ikavurugika bila onyo.

3. Chora mishumaa: kila siku ina mwili unaotoka bei ya kufungua hadi ya kufunga, na nyuzi zinazofika bei ya chini na ya juu. Calc hutazama mpangilio wa safu: kufungua, chini, juu, kufunga. Ukiweka bei ya kufunga safu ya pili, mwili wa mshumaa utanyooshwa mpaka bei ya chini ya siku. Kama ripoti yako ina bei ya kufunga peke yake, chora mstari wa kawaida. Usibuni bei.

Siku ambayo hisa haikuuzwa hata moja, acha bei wazi. Ripoti hurudia bei ya jana, na ukiijaza utapata mstari ulionyooka unaofanana na utulivu, kumbe hakukuwa na mnunuzi. Wastani wa siku 20 kwa hisa iliyouzwa siku sita tu ni wastani wa bei zilizolala.

4. Ficha yaliyofuata. Hapa ndipo ukaguzi mwingi unapoharibika, kwa hiyo soma polepole. Ukitazama chati nzima, kila kosa linaonekana wazi na kila bonde linakuambia "hapa ndipo pa kununua". Siku ile hukuliona bonde, uliona bei inashuka tu. Kwenye Calc, ficha mistari yote ya jedwali iliyo chini ya siku uliyonunua. Chati ikiendelea kuionyesha, fungua mipangilio ya data na uondoe alama kwenye kisanduku cha kujumuisha seli zilizofichwa. Andika kwanza: ungenunua? Kwa bei gani? Ungetoka wapi ikigeuka? Kisha fichua mstari mmoja mmoja, na kila siku uandike "nashika" au "nauza" kabla ya kufichua unaofuata.

Onyo la kwanza: usiweke kikomo cha mhimili wa bei kwa mkono. Mhimili unaofika 260 wakati bei iko 180 umeshakuambia mwisho wa hadithi. Onyo la pili, kwa wa TradingView: mistari uliyoichora baadaye hubaki kwenye chati hata ukiwa ndani ya Replay. Ifiche kabla ya kuanza. Onyo la tatu: bei za zamani za hisa iliyogawanywa. Equity, benki ya Kenya, iligawanya hisa moja kuwa kumi mwaka 2009. Data isiyorekebishwa itaonyesha anguko ambalo halikumpata mwenye hisa yeyote.

5. Weka gharama na gawio. Tuseme ulinunua hisa 5,000 kwa 180, ada zote 19,000. Umelipa 919,000, yaani bei yako halisi ni 183.8. Ukapata gawio la shilingi 6 kwa hisa: 30,000, toa kodi ya asilimia 10 ya mtu binafsi kwa kampuni iliyo sokoni, unabaki na 27,000. Ukauza kwa 182, ada 19,200, mkononi 890,800. Jumla 917,800. Chati inasema umepata shilingi mbili kwa kila hisa, mfuko unasema umepoteza 1,200. Weka alama pia siku ya kwanza hisa inapouzwa bila gawio, maana bei ikishuka siku hiyo si lazima iwe habari mbaya.

6. Daftari: tarehe, sababu ya kununua, bei halisi, bei ya chini na ya juu kabisa ulipokuwa unashikilia, sababu ya kuuza. Zile bei mbili za katikati ndizo zenye mafunzo mengi. Kama hisa zako zilizoleta faida karibu zote hazikushuka zaidi ya shilingi 8 chini ya bei ya kununua, kuvumilia anguko la shilingi 25 hakuna msingi.

MASWALI

Boda_Jinja: Kaka, fupisha. MTN itapanda?
Jibu: Somo hili ni la hisa ulizokwisha kuuza.

Arua_Hisa: Mishumaa yangu yote ina miili mirefu haina nyuzi upande wa chini.
Jibu: Hatua ya 3. Bei ya kufunga umeiweka wapi?
Arua_Hisa: Safu ya pili. Nilidhani Calc inasoma vichwa vya safu.
Jibu: Haisomi. Hamisha safu, chora upya.

Mama_Gulu: Samahani mwalimu, kuna hisa nilinunua bila sababu yoyote, nilisikia watu wakiisifu, nikapata faida nzuri. Niiandike kama funzo la aina gani?
Jibu: Swali zuri sana, mama. Tenga safu mbili: "matokeo" na "uamuzi". Hiyo matokeo yake ni mazuri, uamuzi ni mbaya. Ukifikisha kama hisa thelathini, zipange kwa uamuzi na ulinganishe jumla za shilingi, siyo idadi ya ushindi. Ushindi mwingi mdogo unaweza kumezwa na hasara moja. Na mahali pa sababu andika hivyo hivyo, "nilisikia watu". Usiitafutie sababu mpya leo.

Mbale256: Kwa hiyo chati haina maana kwa soko letu dogo, ndivyo unavyosema?
Jibu: Sikusema hivyo. Nimesema siku isiyo na mauzo isipewe mshumaa. Soma tena.

Mbale256: Sawa. Basi oda kubwa kwenye hisa inayouzwa kidogo naikaguaje?
Jibu: Linganisha oda yako na hisa zilizouzwa siku hiyo. Ukiwa wewe ni nusu ya mauzo, bei ile ya juu umeisukuma mwenyewe. Andika pia oda ilikaa siku ngapi kabla ya kujazwa, na kama ilijazwa vipande vipande tumia wastani wa vipande vyote kwa uzito wa idadi.

Msomaji_Masaka: Hisa za New York, muda wangu na wa chati haulingani.
Jibu: Weka chati kwenye UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Soko lao hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Angalia Machi na Novemba hasa.

Mama_Gulu: Nyongeza kwa wenzangu: nimeanza kupiga picha ya chati siku ile ile ninayonunua na kuipa jina la tarehe na hisa.
Jibu: Vizuri. Anza jina na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, faili zitajipanga zenyewe.