Somo: Kuchagua darasa la yoga baada ya kuimudu misingi

Ndugu wanajukwaa, swali la "nimefanya yoga mwaka mzima, sasa niende darasa gani?" nimelijibu faraghani mara nyingi mno. Naliandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya 1. Amua unachotafuta: nguvu, unyumbufu au usahihi wa mikao.

Hatua ya 2. Fahamu mitindo. Iyengar, uliotokana na B.K.S. Iyengar wa Pune, India, hukaa muda mrefu katika mkao mmoja na hutumia mikanda, matofali ya mbao, viti na mablanketi. Ashtanga, aliyoifundisha K. Pattabhi Jois mjini Mysore, ina mfululizo usiobadilika. Katika darasa la namna ya Mysore kila mwanafunzi huenda kwa pumzi yake, na mwalimu humwongezea mkao mmoja mmoja kadiri anavyokuwa tayari. Vinyasa, yaani kuunganisha mikao mfululizo kwa kufuata pumzi, hupangwa na kila mwalimu apendavyo, kwa hiyo jina hilo peke yake halikuambii mengi. Aliyetoka kwenye misingi ningempeleka Iyengar au Mysore, kwa kuwa huko mwalimu hukutazama wewe.

Hatua ya 3. Uliza mwalimu amesomea wapi na kwa muda gani.

Hatua ya 4. Kaa pembeni utazame darasa zima kabla ya kulipa. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Niliona tangazo la "ngazi ya juu", nikalipia mwezi mzima siku hiyo hiyo. Tulirudia chaturanga, yaani kujishusha kama mtu anayepiga pushapu, mara nyingi katika kila kipindi. Mabega yangu yalikuwa yakishuka chini ya viwiko na uzito wote kuangukia mbele ya bega, lakini mwalimu alikuwa mbele, ametupa mgongo, akifanya mikao yake mwenyewe. Wiki ya tatu nilishindwa kuinua mkono wa kulia kuanika nguo kwenye kamba, na ilinichukua miezi 4 kurudi mkekani. Basi ukitazama, usihesabu wanaosimama kwa mikono. Mwangalie yule anayeshindwa, uone mwalimu anamfanyia nini. Ondoka ikiwa mwalimu habanduki kwenye mkeka wake, ikiwa anawakandamiza watu bila kuwaomba ruhusa, au ikiwa anawasimamisha wote kwa kichwa bila kuuliza habari za shingo, presha na macho.

MASWALI

Swali: Dada, nitajie tu darasa zuri Nairobi.
Jibu: Soma hatua ya 4, kisha nenda ukatazame.

Swali: Mwalimu wangu ana cheti cha mafunzo ya saa 200 cha Yoga Alliance, lile shirika la Marekani. Unamdharau?
Jibu: Sijamdharau mtu, na hilo sikuliandika popote. Saa 200 ni kiwango cha kuanzia, na Yoga Alliance huandikisha walimu, haiwatahini. Wapo walimu hodari sana wenye saa hizo. Mtazame akifundisha.

Swali: Shikamoo dada. Huku kwetu hakuna darasa, najifunza kwa video. Nitajuaje kama mabega yangu yako sawa?
Jibu: Marahaba, mdogo wangu, umeuliza jambo la maana. Egemeza simu sakafuni ubavuni mwako, ujirekodi. Unaposhuka katika chaturanga, ishia pale sehemu ya juu ya mkono inapokuwa sambamba na sakafu. Bega lisipite chini ya kiwiko. Weka blanketi lililokunjwa kwa unene wa kutosha chini ya kifua ili likuzuie, na uanze ukiwa umeweka magoti chini. Ukiweza kushuka mara 5 polepole bila mabega kukimbilia masikioni, inua magoti. Nitumie video hiyo faraghani, nitaitazama.

Swali: Mkeka wangu unateleza nikitoka jasho, ninunue mwingine?
Jibu: Subiri kwanza. Tandika juu yake taulo la maikrofaiba na ulinyunyizie maji kidogo pale unapoweka viganja, kwa sababu taulo hilo hushika vizuri likiwa na unyevu kuliko likiwa kavu.