Kupima ukuaji wa miti kwa mkanda wa chuma kwenye msitu wa mlimani

Vijana wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja huku Usambara Magharibi walinionyesha daftari lao la vipimo vya unene wa miti. Mti mmoja wa mshai ulinenepa Novemba, kisha Februari ukanywea. Walidhani wamepima vibaya, kumbe walipima sawasawa. Ukitaka kujua kama mvua zinazobadilika na joto linalopanda vinaigusa miti yako, fuata haya.

1. Kibali. Hifadhi ya serikali: TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na utafiti rasmi unapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pia. Msitu wa kijiji: serikali ya kijiji.

2. Chagua miti. Mkulo, mse, mwangati, mshai: kila mmoja una tabia yake, kwa hiyo chukua miti kadhaa ya kila aina, minene na myembamba. Wastani wa msitu mzima siupendi hata kidogo. Mkulo ukidorora na mshai ukichangamka, wastani utakuambia hakuna kilichotokea.

Andika pia kama kilele cha mti kinapata jua au kimefunikwa. Mti jirani ukianguka, uliobaki hunenepa kwa ajili ya mwanga, nawe utaisifia mvua bure. Ukiweza, weka ploti (maeneo ya kupimia) mbili, moja juu na moja chini ya mlima. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ploti ya chini inakuonjesha joto ambalo ya juu bado haijalipata.

3. Funga mkanda. Kimo ni mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kama mizizi bapa, ile inayotokeza shinani kama mbawa, imepanda hadi hapo, nenda juu yake na uandike kimo ulichotumia. Tumia ukanda wa chuma kisichoshika kutu pamoja na springi inayoubana kwenye shina, huku ikiuacha mwanya wake upanuke mti unaponenepa. Wa plastiki unalegea na jua. Kwaruza alama mbili, moja kila upande wa mwanya. Mwangati hubanduka gome vipandevipande, basi ondoa yaliyolegea kwa mkono kwanza. Panga liache nyumbani.

4. Soma mkanda, yaani pima umbali kati ya zile alama mbili. Hapa ndipo kazi ya mwaka mzima huharibikia.

Shina hunywa maji na kuyaachia. Mvua zikinyesha, gome na tabaka laini lililo chini yake hujaa, kiangazi vinasinyaa. Hata ndani ya siku moja shina hupungua mchana majani yanapotoa maji, kisha hujaa tena usiku. Ule mshai haukuwa umekua sana Novemba, ulikuwa umejaa maji ya vuli. Kwenye mti unaokua polepole, kujaa huko kunaweza kufunika ukuaji wa miezi kadhaa.

Kwa hiyo soma asubuhi tu, kati ya saa 12 na saa 2, kabla jua halijashika. Mvua ikinyesha usiku, ahirisha, hata kama mmeshapanda mlima na wenzako wananung'unika. Kalipa (kifaa cha kupimia mwanya kwa milimita) iwe ileile, na msomaji awe yuleyule kama inawezekana. Kabla ya kusoma, safisha alama kwa mswaki wa zamani: ukoga na kuvumwani hujaa pale, na siafu hupenda kujificha chini ya mkanda (utajua mwenyewe). Usomaji wa miezi miwili mitatu ya kwanza usiuhesabu, maana mkanda mpya bado unajikaza.

Muhimu kuliko yote, ukuaji wa mwaka hesabu kiangazi kwa kiangazi. Mimi hutumia mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, ili mwaka wangu ubebe vuli na masika zote mbili. Usomaji wa katikati unaonyesha mti una maji kiasi gani. Nao una faida yake, ila usiuite ukuaji.

Tuseme mwanya umetoka milimita 12.4 hadi 21.8. Mzingo umeongezeka 9.4; gawa kwa 3.14, kipenyo kimeongezeka takriban milimita 3.

5. Mvua na joto. Takwimu za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ni nzuri, lakini kituo cha bondeni hakijui kilichonyesha kwenye kilele chako. Weka kipimamvua mahali pa wazi, na kipimajoto kivulini. Andika joto la usiku pia: usiku wenye joto mti huchoma sukari zaidi kwa kupumua tu. Hewa ikikauka mchana, hufunga matundu ya majani na kutengeneza chakula kidogo. Andika na siku za ukungu, kwa sababu matone yanayodondoka kutoka majanini hayaingii kwenye kipimamvua cha mahali pa wazi.

6. Linganisha. Mwaka mmoja hausemi kitu. Waliokuwa na mikanda tangu La Niña ya 2020, ambayo huku huelekea kuleta ukame, hadi El Niño ya 2023, ambayo huelekea kuleta mvua nyingi, wana cha kulinganisha, mradi walinganishe aina kwa aina.

Wengine huuliza kwa nini tusitoboe shina tukahesabu pete za ukuaji ndani ya mbao. Huku kuna misimu miwili ya mvua. Miti mingi haina pete za kusomeka, na hata mwangati, ambao zake huonekana, unaweza kuweka zaidi ya moja kwa mwaka. Mkanda unatosha, mradi uubadilishe kabla springi haijafika mwisho, na usome wa zamani na mpya siku ileile.