Somo: Kuchagua oili na filta za gari lililotoka kuingia Uganda

Wengi wetu tukisema "gari jipya" tunamaanisha gari lililotumika Japani, likapakuliwa Mombasa au Dar es Salaam na kuvuka mpaka likiwa na miaka saba, kumi, hata kumi na tatu. Tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15. Mwenye gari hajui oili iliyomo imekaa muda gani. Siku ya kwanza gereji anaambiwa atie 20W-50, oili nzito, "kwa sababu Uganda kuna joto". Ushauri huo naupinga kwa moyo wote, na ndiyo sababu ya somo hili. Oili huchaguliwa kwa kitabu cha injini. Vumbi letu na jamu yetu ndivyo vinavyoamua uibadilishe mara ngapi.

Hatua ya 1: Ijue injini

Fungua boneti utafute kibati kilichogongwa maandishi. Kwenye Toyota nyingi kina mstari unaotaja injini na ujazo wake. Mfano ni 1NZ-FE ya cc 1496, injini iliyomo kwenye baadhi ya Vitz na kwenye Fielder na Premio nyingi unazopishana nazo barabara ya Jinja. Kisha tazama kifuniko cha kutilia oili, maana mara nyingi unene wa oili umeandikwa palepale. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani usikitupe: maneno hutayasoma, lakini 0W-20 ni 0W-20 kwa lugha yoyote, na lita zinazoingia zimeandikwa kwa tarakimu. 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta.

Angalia pia ubavuni mwa mlango wa dereva na chini ya boneti. Huko Japani hubandikwa karatasi ndogo yenye tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Kilomita hizo zikizidi sana zile za kwenye dashibodi, huenda dashibodi imerudishwa nyuma; rudi kwa aliyekuuzia kabla hujanunua hata lita moja.

Hatua ya 2: Unene

Katika 5W-30, namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika juu upesi unapowasha. Namba ya pili ni unene wake kwenye nyuzi 100, injini ikiwa kazini. Hoja ya joto inaanguka hapa: themostati huweka maji ya injini karibu na nyuzi 80 hadi 90, uwe Arua saa nane mchana au Kabale usiku wa nyuzi 10. Tena injini za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka) husogeza kemshafti, mhimili unaofungua vali, kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba na wavu mdogo. Oili nzito huchelewa kufika huko, gari linakuwa zito asubuhi, na petroli inaliwa zaidi.

Kwa magari ya petroli ya Kijapani ya miaka ya 2000, mimi huchagua 5W-30. Kwa injini za karibuni na haibridi, kitabu kikisema 0W-20 baki nayo. Vitabu vingi vina jedwali lenye unene zaidi ya mmoja, na 5W-30 halisi iliyomo kwenye jedwali ni bora kuliko 0W-20 ya kutilia shaka. 20W-50 waachiwe wenye injini za zamani ambazo vitabu vyake vinaitaja.

Hatua ya 3: Daraja

Hili watu hawalisomi kabisa, wakati lipo nyuma ya dumu. Tafuta herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Kwa petroli, SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na ya baadaye inafaa pale palipotakiwa ya awali. Dumu lililoandikwa SF ni la injini zilizotengenezwa kabla ya 1989. Hata kama bei inavutia, halifai kuwa ndani ya Toyota Wish. Kwa dizeli tafuta CI-4 au zaidi, na gari lenye filta ya moshi kwenye ekzosi linahitaji oili ya majivu machache kama kitabu kinavyoagiza.

Hatua ya 4: Filta

Hapa ndipo watu hubana pesa, na ndipo wanapoumia. Filta ya oili ya kopo ina karatasi iliyokunjwa, vali inayofunguka karatasi ikiziba ili injini isikose oili, na kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Kwenye filta duni mpira huo hukakamaa mapema. Ukisikia injini inagonga sekunde chache kila asubuhi kisha inanyamaza, shuku mpira huo kabla ya kuruhusu mtu afungue injini.

Uliza kwa namba, usiulize "filta ya Toyota". 1NZ-FE hutumia 90915-YZZE1. Injini za Toyota za 2ZR za karibuni nyingi hutumia ya karatasi tupu, 04152-YZZA6, inayokaa ndani ya kifuniko chake. Hiyo huja na ringi mpya ya mpira, na fundi akirudisha ringi ya zamani, oili itavuja. Ukiwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, shika filta mkononi. Pitisha kidole kwenye mpira wa nje, uwe laini na umekaa sawa. Chungulia kwenye matundu, usione gundi iliyomwagika wala karatasi iliyopinda.

Filta ya hewa, kwa barabara zetu, naiweka mbele ya zote. Vumbi jekundu lina chembe za mchanga mgumu unaokwangua ringi za pistoni na kuta za silinda, na oili bora kuliko zote haiwezi kurekebisha hilo. Ikague kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kama unaishi kando ya barabara ya vumbi au unakwenda Karamoja. Ya karatasi usiioshe. Igonge taratibu, au ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ukiona mwanga unapita kwenye tundu, itupe. Kisha fanya jaribio hili: toa filta, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linalokwenda injini. Kikitoka chekundu, vumbi linapita pembeni ya filta. Sanduku halijafungwa vizuri, au filta si saizi yake.

Ya kabini haihusu injini, badilisha tu.

Hatua ya 5: Kununua

Oili bandia ipo, na madumu matupu yana wateja wake. Nunua kwa wakala au kituo cha mafuta chenye jina la kulinda, na udai risiti. Tazama alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, lakini usiishie hapo. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya ndani iwe imeshika pande zote, namba ya toleo iwe imechapwa kwenye dumu na haifutiki kwa kucha. Mkimaliza, toboa dumu kwa msumari mbele ya fundi. Mwambie kwa heshima, ataelewa.

Hatua ya 6: Mara ya kwanza

Mwaga oili yote na badilisha filta hata kama dipstiki, kijiti cha kupimia oili, inaonyesha oili safi. Injini iwe na uvuguvugu. Nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ipate washa mpya. Paka oili kwenye mpira wa filta, ifunge kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko bila spana. Usijaze kupita alama ya juu, kwani krenki ikiipiga oili inatoa povu na presha inashuka. Dawa kali ya kusafishia injini usiitumie kwenye gari usilolijua, maana uchafu uliong'oka kwa mkupuo unaweza kuziba wavu wa pampu. Afadhali ubadilishe tena baada ya kilomita 3,000, halafu kila 5,000 au miezi sita. Saa mbili za kusimama kwenye jamu hazionekani kwenye kilomita, ila oili imezihesabu.

Oili chafu irudi gereji kwenye mtungi. Ya mtaroni Kampala huteremka na mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ileile ya ziwa ambako maji ya Ggaba yanavutwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mbale: Mwalimu, gari langu lina kilomita 150,000. Fundi anasema limechoka, nipandishe unene.

Kaka, kilomita peke yake si ugonjwa. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena asubuhi gari likiwa tambarare. Kama haijashuka au imeshuka kidogo, baki na 5W-30. Ikishuka karibu lita nzima, tafuta chanzo kwanza: uvujaji, mipira ya vali, ringi. Ukitaka kupanda, 5W-40 au 10W-40 kama kitabu kinaruhusu.

Kutoka Gulu: Mimi nina Hilux ya dizeli. Oili imekuwa nyeusi ndani ya siku chache. Nimeuziwa bandia?

Dada, kwa dizeli weusi huo ni wa kawaida. Oili imebeba masizi ili yasigande kwenye injini. Wasiwasi uwe pale ikinuka dizeli, ikipanda kwenye dipstiki, au ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji. Na usisahau filta ya dizeli: fungua koki yake ya chini umwage maji yaliyojikusanya, hasa ukinunua mafuta kwenye mapipa.

Kutoka Masaka: Ndugu mwalimu, naweza kubadilisha oili mara mbili kwa filta moja?

Naomba usifanye hivyo. Filta ya zamani inabaki na oili chafu ndani yake, na hiyo ndiyo ya kwanza kupita kwenye beringi ukiwasha. Ikiziba, vali inafunguka na oili inazunguka bila kuchujwa, wala hakuna taa itakayokuonya.

Kutoka Busia: Niko safarini, oili imepungua, na dukani hakuna chapa yangu.

Ongeza chapa nyingine yenye unene na daraja lilelile. Oili za API lazima zichanganyike bila kugombana. Usipopata unene wako, nusu lita ya 10W-30 haitakuua injini, lakini kuendesha chini ya alama ya chini itaiua. Ukifika nyumbani, badilisha yote na filta yake.