Kabla hujamlipa mtu akuchoree nyumba

Kiwanja changu kipo Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko wa kuelekea bondeni. Ramani ya kwanza niliinunua kwenye simu: vyumba vitatu, sebule, varanda, inapendeza kweli. Fundi alipovuta kamba ya msingi ndipo tukaona kona ya nyuma iko chini kuliko ya mbele, karibu kimo cha mtu. Matofali niliyoyawekea hesabu ya kuta yakaishia kwenye msingi. Ujenzi ukalala miezi minane. Ramani yenyewe haikuwa na kosa. Ilichorwa kwa kiwanja tambarare, na hicho sikuwa nacho.

Kwa hiyo siku hizi mchoraji yeyote namuuliza kwanza: kiwanjani unakuja lini? Akijibu "nitumie vipimo tu", mshukuru, mwachane. Akija, mwangalie anafanya nini. Yule wa pili, niliyebaki naye, alitafuta bikoni zote nne, yaani alama za pembe za kiwanja. Akauliza maji ya masika hupita wapi, jirani kachimba shimo la choo upande gani, gari la kunyonya litasimama wapi likija. Halafu akasimama akauliza jua linazama wapi. Dar mwenye nyumba anapambana na joto. Madirisha mengi yakitazama magharibi, chumba cha kulala kinakuwa tanuri jioni. Akaigeuza nyumba, madirisha makubwa yakaelekea kaskazini na kusini, na paa akalitokeza nje ya kuta lifunike madirisha. Upepo wa kusi unaingia huku unatokea kule. Feni nawasha kwa nadra.

Sasa, ni nani hasa wa kumtafuta? Mbunifu majengo, wengine humwita msanifu, hupanga vyumba, mwanga na hewa. Mhandisi hukokotoa nguzo, mihimili na nondo. Ukiwaza ghorofa usimkwepe, hata fundi akuapie kwamba ameshajenga kumi. Mkadiriaji majenzi hupiga hesabu ya vifaa na gharama. Wachoraji wa mtaani wapo, na wengine mkono wao ni safi sana, ila muulize mapema: michoro ikienda halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi, itapigwa muhuri wa nani? Mwenye usajili atakutajia namba yake bila kununa. Ihakikishe kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi; ya mhandisi, kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Picha za kompyuta za mchoraji zisikulevye. Omba akupeleke kwenye nyumba aliyochora na watu wameshahamia. Nenda saa tisa alasiri, jua likiwa kali, na uongee na anayepika humo. Mimi mama mmoja alinionyesha jiko ambalo mlango wa friji haufunguki wote. Nikamfuta mchoraji yule kwenye orodha papo hapo.

Mkikubaliana, andikeni: michoro gani utapata, marekebisho mara ngapi bila nyongeza, malipo kwa awamu, na ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi kibali kitoke. Andikeni pia atafika saiti mara ngapi. Wangu tulikubaliana mara nne, nauli juu yangu. Safari ya lenta, ile boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha, ndiyo aliyokuta fundi ameshaziba dirisha la choo.