Keki ya Mashindano: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Oveni

Kabla hujanunua hata unga, zisome kanuni za mashindano ukiwa na kalamu mkononi. Je, keki yote iwe ya kulika, au umbo la povu gumu lisiloliwa chini ya mapambo linaruhusiwa? Waya na vijiti vinakubaliwa? Ubao usizidi upana gani? Mwisho wa kupokea ni saa ngapi? Keki iliyokesha usiku kucha ikipambwa inaweza kuondolewa kwa sababu ya waya mmoja tu, na hilo linauma sana.

Saa ya kupokea ikishajulikana, hesabu siku kurudi nyuma. Chora keki yako kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, upande wa mbele na wa ubavuni, kisha kata mchoro huo uwe kipimo cha kuchongea. Pima pia mlango na gari litakaloibeba.

Mapambo yanayosimama yenyewe ndiyo ya kuanza nayo, mapema kuliko unavyodhani. Niliwahi kutengeneza keki ya umbo la birika. Mkono wake niliufinyanga usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asubuhi ulikuwa mkavu kwa nje, ukiugonga unalia, kumbe ndani bado laini. Niliubandika, ukasimama dakika chache, kisha ukaanza kuinama taratibu mpaka ukapasuka pale kwenye kona. Siku hizi vitu vya namna hiyo navifinyanga siku tatu hadi tano kabla, juu ya sponji, na kila asubuhi navigeuza ili upande wa chini nao upate hewa. Katika gramu 250 za fondanti, yaani donge laini la sukari la kufinyangia na kuvika keki, nakandia kijiko kimoja cha chai cha unga wa CMC, unaoifanya ikauke na kuwa ngumu. Usiviweke kwenye friji wala kwenye kopo lililofungwa, maana sukari hunyonya unyevu na vitalainika tena. Na kila kitu chembamba tengeneza viwili.

Rangi nazo zinataka muda. Tumia ya jeli, kwani ya maji huifanya fondanti inate. Nyekundu na nyeusi changanya jana yake. Zikilala hukolea zenyewe, nawe hutalazimika kumimina rangi mpaka ladha iwe chungu. Zambarau na waridi zifiche mbali na jua, hupauka haraka.

Keki yenyewe iwe nzito, ya siagi. Ile laini ya mayai mengi ni tamu, lakini ukiichonga inameguka na ukiipandishia uzito inabonyea. Ioke siku mbili kabla ya kuipamba, kwa moto mdogo wa kama nyuzi 160 ikiwa ni nene, ifunge vizuri na uilaze kwenye friji. Ikiwa baridi, kisu cha meno kinapita bila kuacha makombo mengi. Kata kidogo kidogo, kilichokatwa hakirudi.

Kwa kuipaka nje napendelea ganashi, yaani mchanganyiko wa chokoleti na krimu, kuliko krimu ya siagi, kwa sababu ikishika inakuwa ukuta. Chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa sehemu moja ya krimu ya maziwa; chokoleti nyeupe sehemu tatu kwa moja. Iache ishike usiku mzima, kisha ndipo uvike fondanti ya unene wa milimita tatu au nne. Umbo likizidi kimo cha sentimita 10, weka kadibodi nyembamba katikati na uishikilie kwa mirija migumu iliyokatwa sawasawa, la sivyo sehemu ya juu itaikandamiza ya chini.

Keki yenye fondanti ikitolewa kwenye friji hutoka jasho. Ukiigusa wakati huo, alama ya kidole inabaki. Iache ndani ya boksi lake, limefungwa, mpaka ubaridi wote uishe. Unyevu utashika boksi badala ya keki.

Njiani iweke kwenye sakafu ya gari, penye usawa, juu ya mkeka wa mpira usioteleza. Kiti kina mteremko hata kama hauonekani. Beba mfuko wa marekebisho: brashi ndogo, kibano, kisu chembamba, fondanti ya kila rangi uliyotumia, aisingi nzito ya ute wa yai ya kugundishia, na ule mkono wa pili wa birika, umeviringishwa kwenye karatasi laini.