Skendo ikilipuka ofisini: nani aongee, aseme nini, na wakili akae wapi

Taasisi nyingi zetu zikipatwa na janga mambo huwa yanaenda hivi: siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu inatoka ile karatasi yenye nembo na kichwa TAARIFA KWA UMMA, imepigwa picha ikarushwa Instagram, aya nne za "uongozi unapenda kuujulisha umma" na ndani hakuna kitu. Ukiuliza unaambiwa wakili kasema tusiongee. Mwongozo huu ni wa wote wawili, wakili na afisa habari, na msimamo wangu nauweka mapema: kimya hakikulindi kama watu wanavyodhani, kinachokulinda ni kusema yale tu unayoweza kuyathibitisha, na kuyasema mapema.

Angalia Arthur Andersen, wale wahasibu wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Mwaka 2001 Enron inaanza kuchunguzwa, wakili wa ndani wa Andersen akatuma imeili ya kuwakumbusha watu sera ya kutunza na kuharibu nyaraka, watu wakachana makaratasi kwa wingi kweli kweli. Juni 2002 wakatiwa hatiani, 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta ile hukumu kwa kauli moja. Wameshinda eeh? Ila kufikia hapo kampuni yenye wafanyakazi kama 85,000 duniani ilishasambaratika, wateja walishahama zamani. Wakili anayeuliza "kesi tutashinda?" peke yake kauliza nusu ya swali.

Kwa hiyo saa ya kwanza, kabla hata ya tamko, toa agizo la maandishi kwamba hakuna kufuta chochote, si imeili, si meseji za WhatsApp, si picha za kamera, na yale magrupu yenye meseji zinazojifuta zenyewe zima hiyo setingi. Mtu wa IT aambiwe kabisa, maana kamera nyingi zinajirekodi juu ya rekodi ya zamani baada ya siku kadhaa na hapo hutaambiwa mashine ilifuta, utaambiwa mlificha.

Alafu magrupu yenyewe sasa. Bosi anafungua grupu anaita "Dharura", anaweka wakili, afisa habari, mshauri wa PR wa nje, shemeji yake anayejua waandishi, watu wanaanza kumwaga kila kitu humo, "mimi nilisema ile mashine mbovu tangu mwaka jana". Mawasiliano ya wakili na mteja wake yanalindwa na sheria ya ushahidi, Kenya ni kifungu cha 134, lakini ulinzi huo haumfuati kila aliyeingizwa grupu. Tenganisha: mambo ya nani kakosea yaende kwa wakili peke yake, grupu la watu wa habari liwe la ratiba na maneno yanayotoka nje tu. Na andika ukijua skrinishoti itafika usikoitaka.

Tamko la kwanza litoke ndani ya saa chache na liwe fupi. Tuseme ni hospitali, mfumo wa taarifa za wagonjwa umeingiliwa:

"Leo saa 2 asubuhi tumegundua kuwa mfumo wetu wa taarifa za wagonjwa umeingiliwa. Tumeuzima na wataalamu wanaukagua. Huduma za dharura zinaendelea, kliniki za leo zimesogezwa. Bado hatujajua ni taarifa za nani zimeguswa. Tutatoa taarifa nyingine saa 10 jioni. Maswali piga namba hii."

Humo hakuna sababu, hakuna lawama, hakuna "hali imedhibitiwa" wakati haijadhibitiwa. Kuna saa ya taarifa inayofuata, na ikifika saa 10 hata kama hamna jipya mtoke mseme hamna jipya. Wakili asiruhusiwe kukata sentensi bila kuandika mbadala wake, hii iwe sheria ya ofisi, maana wengi wanajua kufuta tu.

Kama kuna mtu kaumia au kafariki, familia isikie kutoka kwenu kwa simu au kwa miguu kabla ya mtandao. Kutoa pole si kukiri kosa, toa pole na ueleze msaada upi unatolewa. Kinachokuponza ni "tunaomba radhi kwa uzembe wetu" kabla uchunguzi haujaanza, na hapo bima inaingia: mikataba mingi ya bima ya dhima, ile inayolipa wengine wakikudai fidia, inakukataza kukiri kosa au kuahidi fidia bila kampuni ya bima kukubali, na inataka itaarifiwe haraka. Piga simu ya bima siku hiyo hiyo.

Zikivuja taarifa za watu kuna saa ya sheria pia. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue kumtaarifu Kamishna wa Data, pale watu wanapoweza kudhurika. Tanzania kuna sheria ya 2022 na Tume yake, isomeni siku za amani, msianze kuitafuta usiku wa manane.

Msemaji awe mmoja na msaidizi wake. Lakini wanaokutana na maiki za online TV kwanza ni mlinzi wa getini na dada wa mapokezi, kwa hiyo wao ndo wapewe sentensi kabla ya mkurugenzi: "Msemaji wetu ni fulani, namba yake hii hapa." Basi. Usiwaambie wafukuze watu, video ya mlinzi anasukuma kamera itatembea kuliko tamko lako.

"Suala liko mahakamani" nayo imekuwa kichaka. Huruhusiwi kubishana ushahidi nje ya mahakama, sawa, ila unaweza kusema kesi inatajwa lini, walioathirika waende dirisha gani, na nini kimebadilika kazini tangu siku ile.

Nyie wenye ofisi za uwakili msidhani hamhusiki. Mossack Fonseca ya Panama nyaraka milioni 11.5 zilivuja 2016, 2018 wakafunga. DLA Piper nao Juni 2017 kirusi kiliwazimia simu na imeili. Chapisha namba za wateja na za mawakili wote kwenye karatasi, kaa nayo nyumbani.

Na mkishasema kitu kikaja kuonekana si sahihi, msifute posti kimya kimya. Wekeni taarifa mpya yenye tarehe na saa, semeni kipi kilikosewa na kipi ndo sahihi, ile ya zamani ibaki na alama kwamba imerekebishwa, na nakala zote mbili wakili azitunze kwenye faili.